Ua Linalonukia Kwenye Tuta la Mpaka

Attracta Considine aliwahi kuwa mpishi wa shule ya kijijini kwetu, mdomo mkali kuliko visu vyake. Tangu nimfahamu, kila Aprili hutambaa kwa magoti kwenye tuta linalotenga shamba langu na lake, akinusa maua. Mimi simwamini mtu anayenusa mpaka. Mwaka huu nilikodi tingatinga lije kulibomoa tuta hilo, naye siku moja kabla ndipo akazidisha. Nikasema, aa, huyu anatafuta jiwe la mpaka apate kunishtaki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamfuata. "Umepoteza nini hapo, Bibi Attracta?"

"Hayakuhusu. Toa hayo mabuti, unanikanyagia maua!"

"Si maua haya, yamejaa tele? Chuma uende zako!"

"Haya huitwa maua ya mbwa, Colman, hayanuki. Tazama kimkia hiki nyuma ya ua, kimepauka. Yanaota popote, msituni, tutani, hata roho yako kavu ingeyaotesha. Linalonukia huku haliji lenyewe. Hupandwa."

"Nani apande ua kwenye tuta la ng'ombe?"

Akakaa kitako, akanieleza. Mdogo wake mchanga alikufa kabla ya kubatizwa, padri akakataa azikwe makaburini. Baba yao akamzika humu tutani. Mama yao akapanda juu yake mche wa ua linalonukia, wa bustanini, wala hakumwonyesha mtu mahali hapo mpaka anakufa.

"Na kesho tingatinga lako linamfukua," akasema.

Loo, hadithi tamu, tena imekuja kwa wakati wake! Sikuamini hata neno moja. Nikasimama nimlinde asiguse jiwe lolote.

Chini ya mti wa miiba akasita. Palikuwa na ua dogo, kimkia cheusi cheusi, majani ya mviringo yenye vinyweleo. Akanusa. Akanusa tena, akaangua kilio.

"Nililisikia, limepotea! Pua ya kizee inanidanganya."

Ua hilo ndivyo lilivyo: hukupa harufu mara moja, kisha huiua pua.

"Nusa wewe," akaniambia. "Wewe humwamini mtu. Ukisema linalonukia lipo, nitaamini."

Nikapiga magoti. Lilinukia kama sabuni ya marehemu mama yangu. Nikavua kofia.

"Lipo," nikasema.

"Una hakika, mwanangu?"

Nikainama tena. Safari hii sikusikia kitu.

"Lipo," nikasema, nikatoa simu kumwambia mwenye tingatinga asije.