Ukuta wa mbele, ghorofa ya tano

Leo mji mzima umechungulia chumba cha kulala cha mama yangu.

Sitanii.

Lile jengo letu la zamani nyuma ya Biashara Street, tuliloambiwa tuhame mwaka jana, wanalibomoa taratibu kutoka juu. Leo wamefika ghorofa ya tano. Kwetu.

Mama alinishikilia nimpeleke akaone. Tukasimama ng'ambo ya barabara, yeye na buibui lake. Ukuta wa mbele ukaanguka. Vumbi lilipotulia, chumba chake kilikuwa wazi kama duka: kuta za rangi ya waridi, na ule msumari aliokuwa akitundikia kanga ya kuswalia.

Mamangu huyu! Shemeji zake walikuwa wakipiga hodi, wakingoja ngazini mpaka ajisitiri. Miaka thelathini, hakuna mwanamume wa nje aliyejua chumba kile kina rangi gani.

Mahamali wa soko la Marikiti waliacha mikokoteni wakatazama. Jamaa mmoja kando yetu, simu juu, anarekodi, akacheka: "Oneni rangi hiyo! Hapo alikuwa akilala bibi harusi."

Mama akamgeukia. Sauti ya chini kabisa.

"Inamisha macho, mwanangu. Hapo nalala mimi."

Jamaa akashusha simu, akaomba radhi. Mama akageuka, tukarudi.

Nafika nyumbani, nafungua simu: video imeshaenea. Na wewe rafiki yangu, unajijua, umenitumia na kuandika, "Mji wetu sasa utapendeza."

Ifute.