Mtani Aliyevaa Kanzu ya Shemeji

Nilimwahidi dada yangu kwamba hakuna mtu atakayetandika mkeka wa matanga nyumbani kwake mpaka yeye mwenyewe aseme. Aliniomba ahadi hiyo jioni ileile askari wa boma walipomchukua mumewe, nasi tungali tumesimama uani kati ya vigae vya mitungi. Alisema, "Niapie." Nikaapa.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Maji Maji. Habari za dawa ya maji, inayogeuza risasi zisidhuru mwili, zilikuwa zimetufikia kijijini kwetu Mtawanya kutoka vilima vya Umatumbi. Waliokunywa walikunywa, waliopakwa walipakwa, na waliokataa walinyamaza, kwa hiyo hapana aliyejua hakika ya mwenzake. Askari nao hawakujua. Kwa kuwa dawa haikuonekana ndani ya watu, waliitafuta ndani ya vyombo: waliingia kila ua, wakavunja mitungi, wakamwaga maji ya kupikia na ya kunywa.

Shemeji yangu alikuwa mkata boriti. Alikata mikoko deltani, akaiuza bandarini Nyamisati, na siku ile alikuwa amerudi nyumbani kupumzika. Walimkuta nyuma ya nyumba akitawadha kwa sala ya alasiri. Alikuwa amekwisha kupaka maji kichwani, na maji yalikuwa yakimtiririka usoni.

"Huyu kichwa kibichi," askari mmoja akasema. "Amepakwa dawa."

Nilitoka mbele. Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuo cha serikali cha pwani ya kaskazini, nilikofunzwa ualimu, na niliamini kwamba jambo likielezwa kwa utaratibu litaeleweka. Nikaeleza udhu ni nini, mikono kwanza, kisha uso, hata kichwa. Nilieleza vizuri. Askari alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "wewe fundisha watoto. Sisi hatukuja kusoma."

Wakamfunga shemeji mikono, wakashika naye njia ya kusini, upande wa Nyamwage. Hakugeuka nyuma. Kwa ule mguu wake mbovu alikuwa na kazi ya kuwafuata mwendo.

Tangu siku ile wanaume wa kwetu walitawadha ndani, wakajikausha vichwa kwa nguo kabla ya kutoka nje. Sikuona mtu aliyeamrisha jambo hilo. Lilianza tu.

Nilikwenda boma. Nilisimama juani pamoja na watu wengine wenye haja kama yangu, na zamu yangu ilipofika niliambiwa kwamba hakuna mtu wa namna hiyo. Nilikwenda tena, nikaambiwa vilevile. Mara ya mwisho hawakunijibu. Katika safari hizo sikumbuki kuona hasira moyoni mwangu. Nakumbuka viatu vyangu, ambavyo nilivivaa kwa heshima ya ofisi, na namna vilivyojaa mchanga.

Dada hakulia. Alikausha vitu. Alifuta sufuria ikiwa kavu, akafuta kizingiti baada ya umande, akanishika mikono nilipokwisha kunawa akaifuta kidole kwa kidole kama ya mtoto. Mtoni hakwenda tena. Kuoga aliacha. Chakula alikipika, akanipakulia, naye akala matonge machache akasema ameshiba. Mashavu yake yaliingia ndani, na kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Niliona kwamba dada yangu anakwisha, na mimi ndiye niliyeushikilia mlango.

Maana kwetu mtu aliyepatwa haachwi peke yake, lakini njia ya kumwendea ni msiba. Maiti ikipatikana, mkeka hutandikwa, majirani hulala hapo, hupika, huchota maji, na mfiwa hana ruhusa ya kubaki na mawazo yake. Hapa maiti haikuwapo. Kwenda kukaa kwake kungekuwa kumtangazia mumewe kifo, na huo ni uchuro. Tena jumbe alikuwa ametuonya kwamba boma halitaki kuona watu wamekusanyika, wala kwa heri wala kwa shari.

Basi wanawake walikuja kuomba moto. Alikuja mmoja na kigae asubuhi, akaomba kaa la moto, akakaa kidogo kulisubiri, akafagia ua wakati anasubiri. Akaondoka, akaja mwingine. Moshi wa majiko yao niliuona kutoka barazani kwetu. Hapana nyumba iliyozimikiwa na moto. Bibi wa nyumba ya pili aliniambia siku moja, "Mwalimu, nimechoka kuomba kitu nilicho nacho. Lini utatuachia tuingie?"

"Yeye hajasema, bibi."

"Atasema saa ngapi, na hasemi?"

Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba muungwana hutimiza ahadi. Sikufundishwa zaidi ya hapo.

Asubuhi moja aliingia uani mwanamke wa makamo, mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Tulimjua. Alikuwa Mmatumbi, mtani wa ukoo wa shemeji, na kila mara ukoo ule ulipofiwa yeye ndiye aliyekuja kufanya kazi za mtani: kuosha vyombo, kuchafua vyombo, kudai vitu, kutukana wafiwa mpaka wacheke.

"Hodi! Wandengereko, mmekufa wote, au ni uvivu?"

"Karibu," nikasema.

"Nikaribie nini? Sioni mkeka, sioni sufuria kubwa. Mtani wangu yuko wapi?"

"Ametoka."

"Ametoka! Kwenda wapi, mwalimu? Kuoa?"

Wanawake waliokuwa wakisubiri moto waliinamisha macho. Mmoja akamsimulia kwa sauti ndogo habari ya kichwa kibichi. Mtani alisikiliza huku akijipangusa miguu. Kisha akasema, kana kwamba anataja bei ya chumvi, "Kwangu wamechoma nyumba na waliokuwamo. Nimetembea." Akasimama, akampita dada mlangoni, akaingia ndani. Mtani haombi ruhusa.

Alipotoka alikuwa amevaa kanzu ya shemeji na kofia yake, na shoka la kukatia mikoko begani.

Kila mtu pale alijua maana yake. Mtani huvaa nguo za mtu, akatembea mwendo wake na kusema kwa sauti yake, katika hali moja tu: mwenyewe akiwa amekufa. Nikasimama.

"Mama, tafadhali vua nguo hiyo. Niliapa."

"Mimi si mama yako, mimi mtani. Uliapa wewe, mimi nimeapa?" Akaanza kuzunguka ua akichechemea, akakohoa kikohozi cha shemeji. "Mke wangu! Leo kuna samaki, au kuna maneno matupu?"

Hakuna aliyecheka. Akachuchumaa, akajifanya anatawadha, akajipaka kichwani maji yasiyokuwapo, kisha akaruka akawa askari. "Kichwa kibichi! Kamata! Na lile dafu kule juu, kamata, lina maji tumboni!" Akatugeukia. "Sisi Wamatumbi tunakufa kwa vita. Nyinyi mnakufa kwa usafi!"

Maneno hayo angeyasema mtu mwingine, tungempiga. Nilimtazama dada. Kitambaa chake cha kukaushia kilikuwa mkononi, naye alikuwa akiufuata ule mwendo kwa macho.

"Mguu wa kushoto," akasema.

Mtani akasimama. "Nini?"

"Mbovu ulikuwa wa kushoto. Wewe unaburuta wa kulia."

Mtani akabadilisha mguu. "Hivi?"

"Polepole. Na shingo usiinyooshe. Alikuwa mtu wa kutazama chini."

"Alikuwa akitafuta nini huko chini, tumbaku?"

"Miiba," dada akasema. "Alikuwa mwoga wa miiba."

Bibi wa nyumba ya pili alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kama mtu aliyekanyagwa, na wengine wakafuata. Dada aliendelea kumsahihisha mtani, bega, mkono, namna ya kushusha shoka, hata ikafika mahali nikaona shemeji amepita mbele yangu. Hapo dada akakaa chini. Bibi akaniangalia. "Amesema 'alikuwa'," akaninong'oneza. Nikaingia ndani nikautoa mkeka, nikautandika mwenyewe. Nilidhani nitalia, lakini nilitazama pindo la kanzu, ambayo ilikuwa ndefu kwa mtani, likizoa majivu.

Kilio kilikuwa bado hakijapanda askari wawili walipopita njiani. Waliona watu wengi, na katikati yao mwanamke ndani ya kanzu ya kiume.

"Nini hapa? Harusi?" mmoja akauliza.

"Harusi, bwana," mtani akajibu. "Bwana harusi amechelewa tu."

Wakacheka, wakaenda zao. Sisi tulicheka pamoja nao mpaka walipopotea. Kisha dada akapiga ukelele, na wanawake wakamzunguka.

Mwalimu wa Kurani alituswalisha sala ya maiti asiyekuwapo, akasema eda ihesabiwe kuanzia siku hiyo. Majirani walilala kwetu. Walimwogesha dada ndani, wakimshika, kwa kuwa alipigana nao. Siku ya pili alikunywa uji bakuli zima. Sitaki kusema kwamba amepona. Mpaka leo anafuta vitu, na zipo siku hanisemeshi. Lakini anakula, na usiku halali peke yake.

Mtani alidai kanzu, kwa kuwa ni haki yake, akaondoka nayo kuelekea Nyamisati kutafuta chombo cha kwenda Mafia, ambako alisikia wapo watu wa kwao. Hakuna aliyemtandikia yeye mkeka. Nililifikiri jambo hilo baada ya kuondoka kwake, wala sikumkimbilia.

Nawe unayesoma, nina ombi moja. Kama jirani yako amechukuliwa na askari na hajarudi, usingoje maiti. Nenda leo ukakae na watu wake.