Ruhusa ya Kupiga Filamu Kando ya Ziwa

Nilikuwa kijana wa mdomo, na mdomo ndio ulionipa kazi. Baba alikuwa mchochea moto kwenye injini za reli, nasi tukakulia katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, pale Nakuru. Jirani wa kulia alisema Kijaluo, wa kushoto Kikuyu, na dukani ulihitaji Kihindi kidogo ukitaka kupimiwa sukari vizuri. Kwa hiyo Mzungu mmoja alipofika kutoka Nairobi na gari la filamu, akitafuta mkalimani, sikuona sababu ya kazi ile kupewa mtu mwingine.

Alikuwa akitengeneza filamu za serikali, zile za kuonyeshwa vijijini: jinsi ya kuchimba choo, kwa nini ng'ombe aogeshwe dawa. Safari hii ilikuwa filamu ya maji safi. Alitaka ianze na ziwa letu likiwa limejaa heroe, wale ndege wekundu wa miguu mirefu, halafu ije kwenye chemchemi ya maji matamu. Mahali penye vyote viwili palikuwa ndani ya shamba la memsahib mmoja mjane. Bwana wa filamu alimwandikia, akakataliwa. Akapiga simu, akakatiwa.

"Tutafute ziwa lingine," akaniambia.

"Bwana, hebu niende mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, na Mwafrika hakuingia shamba la Mzungu hivihivi. Langoni mlinzi alikagua kipande changu cha utambulisho mara mbili, akaipekua baiskeli yangu kana kwamba nimeficha bunduki kwenye usukani. Nikamwambia nimetumwa kwa memsahib. Aliponiuliza nimetumwa na nani, nikamwambia hayo nitamweleza memsahib mwenyewe. Akafungua.

Nilimkuta kwenye zizi la kukamulia, mikono ya shati imekunjwa, akimpaka dawa ng'ombe kwenye kiwele. Hakugeuka.

"Wewe nataka nini?"

Njiani nilikuwa nimeamua kutomwomba kitu. "Nimekuja kuuliza kwa nini memsahib alikataa watu wa filamu."

Hapo akageuka. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kisetla kwamba zamani kidogo walikuja wapiga picha kutoka ng'ambo. Walitaka ndege waruke wote pamoja, basi wakafyatua bunduki. Ndege wakaruka, lakini ng'ombe nao wakakimbia, wakavunja ua, na mmoja akavunjika mguu.

"Mimi mwenyewe napiga hiyo ng'ombe risasi," akasema. "Wao kwisha kwenda."

Nikampa pole, halafu nikamwambia masharti ambayo angeweka yeye mwenyewe kama angekubali: bunduki marufuku, honi marufuku, gari libaki langoni, kila lango lifungwe nyuma yetu.

"Na nani nachunga hiyo bwana yako?"

"Mimi."

Alicheka mpaka ng'ombe akashtuka. Kisha akasema tuje kesho asubuhi.

Tuliingia kwa miguu, mimi nikiwa na kamera begani. Heroe walikuwa wamejaa ukingoni, vichwa chini majini, hawana habari na serikali wala filamu. Bwana alisubiri waruke, hawakuruka. Akapiga makofi, nikamtazama. Akaokota jiwe, nikasimama mbele yake.

"Bwana, nimetoa neno langu."

Akawa mwekundu kuliko ndege wale. Sikusogea. Mwishowe akalitupa jiwe kwenye majani, akawapiga picha wakitembea, na ndivyo walivyoonekana kwenye filamu.

Tulipofika kwenye chemchemi, wanawake wa kambi ya wafanyakazi walikuwa wakiteka maji. Bwana alifurahi, hii ndiyo picha aliyokuwa akiitafuta. Akaigeuza kamera. Mama mmoja wa makamo, debe mgongoni, akajifunika uso kwa leso.

"Nani amewapa ruhusa?" akauliza.

"Memsahib, mama."

"Memsahib amewapa ruhusa ya shamba. Uso wangu si shamba."

Nikamwomba msamaha, nikamweleza filamu ni ya nini. Akasikiliza, debe bado mgongoni.

"Hizo picha zitaenda wapi?"

"Vijijini, mama. Kote."

"Na sisi tutaziona?"

Nikamtafsiria bwana. Akatikisa kichwa: wafanyakazi wa mashamba hawaruhusiwi kukusanyika, lazima kibali cha Bwana Disii, mkuu wa wilaya.

"Basi mwambie afunge hilo jicho la mashine yake," mama akasema.

Niliona alikuwa na haki. Nikamwacha bwana amekaa juu ya sanduku la kamera, nikarudi zizini.

"Nini tena?" memsahib akaguta.

Nikamweleza yote, na leso, na neno la uso si shamba. Kisha nikapendekeza: wafanyakazi waonyeshwe filamu mchana, ndani ya ghala la mahindi, yeye mwenyewe akiwa mlangoni. Disii hatamkatalia yeye.

"Wewe naongea sana," akasema, akaingia nyumbani kupiga simu.

Kibali kikapatikana, mama naye akakubali, na tuliwapiga picha siku iliyofuata. Yule mama alikuja amefunga kitambaa chake cha kanisani, debe limesuguliwa kwa mchanga mpaka linametameta. Wenzake aliwapanga yeye, na bwana aliposema wasimame upande mwingine, akamjibu kwamba huko ndiko ng'ombe wanakokunywa, nani atateka maji huko? Nilitafsiri kila neno. Bwana akahamisha kamera.

Filamu ilipokuwa tayari, tuliziba madirisha ya ghala kwa magunia na kutundika shuka ukutani. Watu walikaa juu ya mahindi, watoto mbele. Mama alipotokea kwenye shuka, mkubwa kuliko mlango, ghala zima lilipiga kelele. Yeye hakupiga. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akajitazama akiinua debe, akajitazama akiondoka.

"Rudisha," akasema.

Tukarudisha. Memsahib mlangoni alisogea ndani kuona vizuri, kwa sababu nyuma ya wanawake ng'ombe wake walikuwa wakipita, naye akaanza kuwaita kwa majina yao. Watu wakacheka, na yeye pia.

Juma lililofuata tulitumwa Kabazi kupiga filamu ya kahawa. Mwenye shamba alikuwa radhi tangu mwanzo, alikuwa ametupikia chai. Nilimwacha bwana anywe naye, nikashuka kambini kwa wachumaji kuuliza.