Karani na Wezi wa Zama za Malkia Viktoria

Jumatatu bomani nilimkuta karani amezama katika riwaya ya Kiingereza, kidole kimoja kimelowa mate, tayari kufunua ukurasa. Ni ya wezi wanaovunja benki London zama za Malkia Viktoria. Nilikuwa nimeshaisoma, tena kwa raha. Mwenye shahada asiye na kazi husoma kila kitu.

"Mzee, jibu la maombi yangu ya kazi limefika?"

"Ngoja. Wanafungua sefu."

Wiki tatu nimengoja serikali, sasa nawangoja na majambazi. Nyuma yangu mama mmoja wa kijiji cha Mabira akauliza, "Mwana wange, hao wezi wakimaliza, karani atatuona na sisi?"

Nikainama kwenye dirisha la karani. "Namjua anayewasaliti."

"Usiseme, bwana. Nakuomba."

"Basi nipe barua yangu."

Akaifukua chini ya mafaili upesi. Ndani maneno mawili ya Kiingereza: no vacancy, hakuna nafasi. Nikaikunja taratibu.

"Anayewasaliti ni mpishi wao," nikamwambia.

Karani akafunga kitabu. "Haya mama, una shida gani?"

Ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanyia serikali.