Siku Tuliyompeleka Mjukuu kwa Profesa wa Hesabu

Mjukuu wangu wa kike anasoma hesabu chuo kikuu, mwaka wa pili. Kabla ya likizo ndefu aliomba nafasi ya wiki sita za utafiti wa hesabu, katika mpango uliowekwa kwa vijana wa familia za wahamiaji kama sisi, kwa kuwa wachache wetu hufika huko juu. Nafasi zenyewe zilikuwa chache, na aliitaka yake mpaka akawa hali chakula vizuri. Kisha akaitwa kuonana na profesa.

Mke wangu aliposikia kwamba mtoto atalala nje ya nyumba, na kwamba kuna mtu anataka kumwona kwanza, alilielewa jambo hilo kama tulivyozoea Bujumbura: msichana hapelekwi mbele ya watu bila wazee. Nami nikamuunga mkono. Namshukuru Mungu kwa yote, hata kwa ujinga wangu.

“Bibi, c'est un entretien, ni usaili tu,” mjukuu akasema. “Watu huenda peke yao.”

“Hao hawana wenyewe,” bibi yake akajibu, akifunga sambusa kwenye foili.

Tukapanda metro, treni ya chini ya ardhi, kituo cha Porte de Namur, mimi nimevaa kanzu chini ya koti zito. Mjukuu alipanda behewa letu, ila alikaa mbali kidogo.

Profesa alikuwa mama wa makamo, kofia yake ya baiskeli iko mezani. Alituona watatu, akaleta viti viwili zaidi bila kuuliza. Kisha akamgeukia mjukuu: ni hesabu gani imewahi kumfurahisha?

Nikajibu mimi. Katika posa na shughuli kama hizi kwetu, msemaji ni mzee, na binti hunyamaza. Nilieleza ukoo wetu, nikaeleza tabia yake, nikaeleza alivyohitimu Qur'ani akiwa bado na meno ya utoto. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tena. Nikajibu tena. Mjukuu alikuwa ameinamisha kichwa karibu na magoti. Nilidhani ni adabu.

“Monsieur,” profesa akasema taratibu, “nikimuuliza kupitia kwako, itafaa?”

Nikaona huyu mama amelelewa vizuri. Nikamgeukia mjukuu. “Anauliza hesabu unayoipenda. Nieleze mimi, nimweleze yeye.”

“Hutaielewa, Babu.”

“Donc, basi nitamwambia nini? Nieleze.”

Akavuta pumzi, akaninyooshea kidole kwenye tasbihi yangu ya punje thelathini na tatu. “Ruka mbili mbili, uguse kila punje ya pili, uzunguke bila kusimama. Utagusa zote?”

Nikaruka. Zile nilizoziacha mzunguko wa kwanza nilizipata mzunguko wa pili.

“Sasa tatu tatu.”

Nikazunguka, nikajikuta palepale nilipoanzia. Nikarudia, palepale.

“Na hizi nyingine, lini?”

“Hazitaguswa.”

“Hata nikizunguka mpaka Kiyama?”

“Mpaka Kiyama, Babu. Thelathini na tatu inagawanyika kwa tatu, kwa hiyo unakanyaga nyayo zako mwenyewe. Kwa mbili haigawanyiki, ndiyo maana unazifikia zote.”

Nikampelekea profesa jibu hilo kwa Kifaransa, nikimwonyesha kwa punje, wala sikukosea. Alikuwa amesogeza kiti mpaka karibu yangu.

“Umeelewa kweli?” akaniuliza.

“Nimeelewa.”

Akamtazama mjukuu, wakaanza kuzungumza wao wawili, haraka mno kwangu. Nikawa msemaji asiye na kazi. Nikafungua foili, nikala sambusa.

Jibu hatukupewa siku ile, na mke wangu akaridhika sana. “Watu wa heshima hawajibu papo hapo,” alisema tukirudi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, mjukuu alikuja ameshika simu. Amepata nafasi. Bibi yake akalia, mimi nikasujudu hapo hapo sebuleni.

“Lakini kuna sharti,” mjukuu akasema. “Siku ya kuanza, niende peke yangu.”

Mpaka leo sijajua kama sharti hilo ni la profesa au ni lake mwenyewe.