Mkwaruzo wa Wendell

Mteja asiyeomba kupunguziwa bei ana jambo. Hilo nalijua tangu nilipokuwa nauza vyuma chakavu nyuma ya gari la marehemu baba, kabla sijapata duka hili la zana na bunduki, lenye paa lisilovuja. Kwa hiyo siku Orval Stidham alipoingia, akaulizia bastola, akaambiwa bei, akasema "Sawa," niliweka kikombe changu cha kahawa chini.

Huyu ni mtu aliyewahi kunishikilia asubuhi nzima kwa ajili ya msumeno wa kukatia miti, mpaka nikamwachia kwa hasara, na bado akaomba nimwongezee mnyororo wa akiba. Katika bonde letu lote, hapa milimani Kentucky, hakuna mwingine aliyewahi kunishinda kwa maneno. Ujanani alikuwa fundi wa silaha jeshini, halafu fundi mitambo kwenye mgodi wa makaa ya mawe hadi ulipofungwa. Mkono wake haukosei na mdomo wake hauchoki.

"Sawa nini?" nikamuuliza.

"Bei. Sawa."

Hobert, ambaye hanunui kitu lakini ladha ya kahawa yangu anaijua kuliko mimi, aligeuka kwenye kiti chake. "Vee, ita gari la wagonjwa. Mzee kapata kiharusi."

"Nyamaza, Hobert, unywe sadaka yako," nikamwambia.

Kwa kawaida Orval angemrudishia Hobert neno la kumchoma. Siku hiyo hata hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye kabati la kioo, kwenye ile bastola kubwa ya jeshi, ya risasi za arobaini na tano, ambayo wazee wetu walirudi nayo kutoka vitani. Ya asili siku hizi si ya mtu anayeishi kwa pensheni. Wafilipino wanatengeneza zinazofanana nayo, zinakuja kwa meli, nami naziuza kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Wanaozicheka wapo. Mimi sizicheki, chuma hakina pasipoti.

"Ninayo ya Kituruki pia," nikamwambia. "Imepigwa msasa vizuri zaidi. Unaongeza kidogo tu."

"Sitaki nzuri. Nataka inayofanana na ya baba."

"Si unayo hiyo ya baba yako, mzee?"

Akatoa kitambulisho chake, akakiweka mezani. Nikampa karatasi za serikali akajaza, nikapiga simu inayotakiwa ya kuhakiki rekodi yake, wakamkubali, akalipa. Nikadhani ataondoka. Badala yake akaniomba nafasi mwisho wa kaunta, kwenye mwanga.

Akaifungua bastola ile yote kwa muda ambao wewe ungeutumia kumenya yai. Kisha akaanza kuiunganisha, na hapo nikaona kitu cha ajabu. Kuna kipini kimoja cha pembeni, chenye mkia, kinachoshikilia sehemu ya juu isichomoke. Kukirudisha kuna namna yake. Asiyejua hukisukuma kwa nguvu, mkia ukateleza, ukachora ubavu wa bastola mkwaruzo uliopinda kama mwezi mchanga. Sisi wauzaji tunauita alama ya mjinga. Mtu akiniletea bastola yenye mkwaruzo huo, sisemi neno. Naupapasa kwa kidole, naguna, naye mwenyewe anashusha bei.

Orval akakiweka kipini mahali pake, kikaingia kimya kama ufunguo kwenye kufuli lake. Akakichomoa. Akakirudisha, kikaingia tena vilevile. Akafumba macho, akajaribu kwa mkono wa kushoto. Kikaingia.

"Unafanya mazoezi ya sarakasi?" Hobert akauliza.

"Nataka kuikwaruza," Orval akasema. "Mkono unakataa."

Hobert akacheka peke yake, kisha akaacha.

"Mzee Orval," nikasema, "umenunua kitu kipya dakika hii. Ukikikwaruza hapa mezani, usije kesho kuniambia nikirudishe."

"Sirudishi." Akaiweka bastola chini. "Ya baba nilimzika nayo Wendell."

Wendell alikuwa mtoto wao wa pekee. Paa la mgodi lilimwangukia, mgodi ule wa mwisho uliokuwa bado unaajiri. Mazishini nilikuwepo. Jeneza lilifunikwa, na huku kwetu watu huzikwa na vitu vyao, kisu cha kuwindia, fimbo ya kuvulia samaki, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kilichomo.

"Ocie alijua?" nikauliza. Ocie ndiye mke wake.

"Alijua. Sasa hajui tena." Akaifuta kaunta kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi. "Kichwa chake kimekuwa chandarua kilichotoboka, Vee. Kila siku mchana anaitafuta kwenye droo. Anasema Wendell anakuja leo, bastola ya babu yake iko wapi, ni ya kwake. Asipoiona anasema imeibwa. Anazunguka nyumba nzima akilia, hata usiku hapati usingizi. Mimi mwenyewe ananiita mtu wa gesi. Nilimwambia mara moja kwamba Wendell amekufa. Mara moja tu. Sirudii."

"Basi mpe hii."

"Ataipapasa ubavuni kwanza. Ndivyo anavyoijua. Wendell aliikwaruza akiwa mdogo."

Nikamwambia sharti langu kabla ya huruma kunifanya mpumbavu: bastola haiingii kwenye nyumba ya mtu mwenye kichwa cha namna hiyo ikiwa na pini inayogonga risasi. Akasema alikuwa anataka kuniomba hivyohivyo. Akaitoa mwenyewe, akanikabidhi, nikaifungia kwenye kasha la chuma.

Kisha akanisogezea bastola. "Fanya wewe."

"Mimi?"

"Wewe hujafundishwa."

"Asante kwa heshima," nikasema.

Akaweka ukucha wake ubavuni. Anzia hapa. Panda hivi. Hapa ilinasa kidogo, halafu ikashuka. Aliujua mkwaruzo ule kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kisimani kwao. Nikakisukuma kipini kwa nguvu, kama mtoto, na nikasikia chuma kikilia. Miaka yote nimewakata watu bei kwa ajili ya alama ile, na leo nimeitia kwa mkono wangu kwenye bidhaa mpya. Orval akainama, akautazama. "Ndio huo," akasema. Akaomba pamba ya chuma, akaisugua bastola pembeni mpaka weusi wake ukafifia ikazeeka.

Akaniomba niende naye. "Nikimpa mimi, atauliza mtu wa gesi kaipata wapi. Wewe una duka. Sema ililetwa kusafishwa."

Uongo mzuri ni ule unaofanana na risiti. Nikamwachia Hobert duka, jambo ambalo halijawahi kutokea, nikapanda gari langu nikamfuata.

Ocie alikuwa jikoni, droo zote nje, vijiko sakafuni, sufuria ya maharage ikichemka pembeni. Mwanamke mwenye umbo dogo, nywele zimechanwa vizuri. Nilijua nani aliyezichana.

"Mama Stidham," nikasema, "nimekuletea bastola yenu. Ilikuwa kwangu inasafishwa."

Alinitazama kwa kunishuku. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, dole gumba likatembea ubavuni mpaka likafika. Likasimama hapo. Mabega yake yakashuka.

"Hii hapa," akasema. "Jamani. Hii hapa. Nilijua haijaibwa." Akaketi. "Binti, ninyi mmekula? Na wewe kaka wa gesi, keti, umesimama kama mdai."

Tukaketi. Orval akakunja mikono juu ya meza. Nilimwona anapumua kama mtu aliyetua gunia, nami nikaanza kujipongeza kimoyomoyo. Biashara imekwisha, kila mtu kapata chake.

"Kaka, una watoto?" Ocie akamuuliza.

"Nilikuwa na mmoja."

"Basi utaelewa." Dole lake liliendelea kupanda na kushuka kwenye mkwaruzo. "Hii aliichora mwanangu. Miaka kumi, hata hajatimiza. Baba yake akamwita mjinga, mbele ya wanaume wa mgodini, kwenye kibaraza hapo nje. Akamwambia mikono yako si ya kazi, usiguse kitu changu tena. Na hakugusa. Mpaka leo baba yake akimwita gereji amshikie taa, anasimama mlangoni tu."

Maharage yalikuwa yanachemka. Hakuna aliyeinuka kuyapunguzia moto.

"Mume wangu si mbaya," akasema. "Hakujua tu. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, ya baba. Hatukuwa na senti ya zawadi. Mtoto akasema, mama, nitamsafishia bastola ya babu, akitoka kazini aikute inang'aa. Alishinda nayo siku nzima, na kitambaa nilichomkatia kwenye gauni langu. Kipini ndicho kikamshinda mwishoni. Akaniapisha nisiseme. Eti baba akijua ilikuwa zawadi, atasikia vibaya."

Akamwinamia Orval, akamshika mkono.

"Nawe usimwambie, kaka."

"Sitamwambia," Orval akasema.

Ocie akaridhika. Akaiweka bastola kwenye droo yake, akaanza kuturudishia vijiko mezani kwa ajili ya chakula. Tulikula maharage na mkate wa mahindi. Orval alimaliza sahani yake. Kwenye ngazi, wakati naondoka, nikamwambia aangalie kutu.

Alikuja dukani baadaye, majani ya miti yameshaanguka, kununua mafuta ya bunduki. Hobert alimkaribisha bila utani wowote, na kwa Hobert hiyo ni kama kupigiwa mizinga. Nikamuuliza Orval hali ya nyumbani.

"Hatafuti tena. Mchana anaitoa, anaipapasa, anatulia."

"Na ile hadithi?"

"Ananisimulia."

"Kila siku?"

"Mimi si mtu wa gesi? Kila siku ni mgeni mpya."

Mimi bidhaa iliyokwaruzwa sirudishi. Iko kwenye bango ukutani, herufi kubwa. Nikamwambia ailete, nitampa pesa yake yote, na pini ile naitia mwenyewe, niiuze kwa mjinga yeyote.

"Analala, Vee," akasema. "Usiku kucha. Tangu siku ile analala."

Akachukua kichupa cha mafuta, akaweka pesa mezani bila kuuliza bei, akatoka.