Makofi Mawili Yaliyobaki

Kofi moja. Refu, la viganja vikavu, kama ubao ulioangukia saruji. Halafu kimya. Ninalisikia mpaka leo, hata sokoni katikati ya kelele, hata nikiwa ninacheka, na mimi ni mtu wa kucheka sana, uliza yeyote wa kwetu. Kofi moja, na nyuma yake nafasi ya makofi mawili ambayo hayakuja.

Ili uelewe, lazima nikueleze kwanza wimbo.

Papa yangu alikuwa karani wa reli hapa Kamina. Kabla sijazaliwa, kabla hata ya kumuoa Mama, alikuwa mwimbaji. Katika miaka ya sitini vijana watano wa reli walikusanya magitaa, besi na ngoma, wakafanya orkestra. Jina lake siliandiki. Wenye umri wao wanalijua, na wengine halitawasaidia kitu. Nyimbo zao zilikuwa nyingi, lakini uliotembea ni mmoja. Mwanamke anamngoja bwana wake stesheni, na samaki mkavu wa Kinkondja ndani ya kitambaa. Treni inafika, bwana hashuki. Kesho anarudi na samaki yule yule. Kesho kutwa tena. Mwisho abiria wote wanafunga pua, yeye bado anangoja. Watu walianza kuucheza wakicheka, na kabla haujaisha walikuwa hawacheki tena. Ulifika Kabongo, ukashuka mpaka Kinkondja kwenyewe. Wakausha samaki wa kule walisema wametukanwa, na wakaucheza kuliko wote.

Katikati ya wimbo magitaa yananyamaza ghafla. Yanakuja makofi matatu: moja refu, mawili mafupi yaliyobanana. Kisha magitaa yanarudi. Papa alinieleza kwamba hawakuyapanga. Jumapili moja mchana, walikuwa wanapiga muziki kwenye baa ya watu wa reli, umeme ukakatika, magitaa yakafa. Wachezaji wakapiga makofi kuuita umeme, na umeme ukarudi pale pale.

"Tukaona kama wimbo wenyewe njo ulitaka vile," Papa alisema. "Tangu siku ile tulikuwa tunazima sisi wenyewe."

Sasa, kwetu, watu wa umri wa Papa waliacha kusema "odi" mlangoni. Walipiga makofi ya wimbo. Moja refu, mawili mafupi, na aliye ndani anajibu "Karibu!" Hata mchungaji wetu wa Kimetodisti, ambaye kila mwaka alihubiri juu ya ubaya wa muziki wa baa, alifika kwenye lupango letu, kiwanja cha nyumba yetu, akasimama nje ya ua na kupiga makofi yale yale, bila kujua mikono yake iliyatoa wapi. Papa aliziba mdomo.

"Weye, usicheke," Mama alimwambia. "Ni mutumishi wa Mungu."

"Sicheki. Ninahesabu kama alipiga muzuri."

Mpiga solo wa orkestra alikaa ng'ambo ya ua wetu wa miti. Wazazi wake walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli. Yeye alizaliwa hapa hapa Kamina, akakua hapa, akaoa hapa. Alipiga gitaa kwa mkono wa kushoto, nyuzi zikiwa zimegeuzwa juu chini. Kila jioni, kazi ikiisha, makofi matatu kwenye mlango wa ua, na mimi ndiye niliyekimbia kumfungulia. Alianza kumchokoza Papa kabla hajaketi.

"Karani, Jumapili uliimba kanisani? Nilisikia toka kwetu. Nikafikiri kuna mbuzi banachinja."

"Weye Mukatoliki unajua nini? Kwenu padri anaimba, nyinyi munalala."

"Tunalala na sauti nzuri, kolege."

Kolege. Ndivyo walivyoitana, tangu ujana.

Nilikuwa na miaka minane mwaka wa kufukuzana, wenyeji walipowafukuza watu wa Kasai. Watu walianza kuwaita majirani wa Kasai majina ya wadudu. Vijana walisema, kisha watoto darasani wakasema, na mimi nilisema mara moja, nikapigwa na Mama kwa mwiko wa bukari, ugali wetu, mpaka leo nimelisahau neno lenyewe. Familia kwa familia zilikwenda kukaa stesheni na magodoro na sufuria, zikingoja treni ya kuzipeleka kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Vijana walipita na fimbo mchana kweupe, wakatangaza kwamba nyumba itakayoficha Mkasai itachomwa.

Siku ya kofi lile moja, ilikuwa saa kumi hivi ya jioni. Papa aliketi ndani kwenye kiti chake. Mama alikuwa anachambua maharage, na nyuma ya nyumba mbabula yake, jiko la makaa, ilikuwa inatoa moshi, kwa sababu makaa yalikuwa na unyevu. Makofi yakaja kwenye mlango wa ua. Nikaruka nikafungue. Papa akanishika gauni kwa nyuma. Hakunitazama. Aliweka tu kidole mdomoni.

Makofi matatu tena.

"Papa," Mama akanong'ona, "ni yeye."

"Najua."

"Labda anataka tu kuaga."

"Najua, mama. Najua."

Mara ya tatu likaja lile refu, peke yake. Tukangoja mawili. Mimi niliyangoja kwa mwili mzima, kama mtu anayengoja kupiga chafya. Tukasikia nyayo zinaondoka, polepole, bila kukimbia.

Asubuhi nyumba ya jirani ilikuwa wazi. Walikuwa stesheni, na treni ilichelewa siku nyingi sana. Kutoka kwetu mpaka stesheni ni mwendo wa dakika ishirini. Papa hakwenda. Kila asubuhi alivaa viatu, akafunga kamba, akakaa. Siku treni ilipopiga honi na kuondoka alikuwa bado amevaa viatu.

Tangu hapo Papa alipofika kwa watu alisema "odi", kama mgeni. Kanisani aliacha kuimba, akasingizia koo. Nyumbani hakuna aliyetaja jambo lile, na mimi nilibaki na makofi mawili ndani ya viganja. Sijui niseme vipi. Nilikuwa darasani, mwalimu anaandika ubaoni, mikono inaniwasha. Nilikuwa ninaota ndoto zangu za kipumbavu, kwamba nitakuwa mwimbaji, nitaanzisha orkestra ya wasichana watupu wenye viatu vyekundu, na katikati ya ndoto magitaa yananyamaza na hakuna mtu wa kuyarudisha.

Halafu vita ikaja, na nyingine nyuma yake. Askari walijaa Base, kambi ya jeshi, ndege zilipita chini mpaka mabati yalitetemeka, na watu wa upande wa Kabongo walifika kwa miguu na mizigo kichwani. Treni zikaacha kuja. Siku hizo hata wale wazee waliokuwa bado wanapiga makofi mlangoni waliacha. Sauti ya ghafla nje ya ua ilikuwa inaliza watoto.

Nyumba ya jirani haikuwa na paa tena, mabati yaliondoka moja moja. Matembele yaliota uwanjani yenyewe, na Mama alizoea kunituma kuyachuma. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Jioni moja nimeinama pale, nikamwona Papa kupitia majani ya ua. Alikuwa amekaa uwanjani kwetu, mikono juu ya magoti, anatazama mlango. Hakuna aliyekuwa anakuja. Aliutazama tu, kama yule mwanamke wa samaki.

Sikupanga. Labda nilitaka kumchekesha. Labda nilitaka tu kutua mzigo. Nikapiga mawili. Mafupi, yaliyobanana.

Papa akasimama, kiti kikaanguka.

"Karibu," akasema.

Sauti yake ilinifanya nilale chini kifudifudi. Alikuja mpaka kwenye ua, akachungulia juu yake, akaona nyumba isiyo na paa na majani, basi. Akarudi hatua mbili. Akafungua mikono.

"Kolege, karibu. Nilikuwa mu nyumba. Ile siku nilikuwa mu nyumba, nilisikia yote. Niliogopa, kolege. Niliogopa bantu, niliogopa moto, niko na mutoto. Sasa umekuya kumaliza. Aksanti kumaliza."

Aliyasema kwa sauti ya chini, mara mbili, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikika. Mimi niliuma majani ya matembele ili nisilie. Niliporudi nyumbani nilimkuta anamwambia Mama:

"Amekufa. Alipita leo kumaliza makofi yake. Nilichungulia, hakuna muntu. Na nani mwingine anajua kama yalibaki mawili?"

Mama alinitazama magoti. Yalikuwa na udongo. Akageuka, akakoroga bukari.

Papa alimwita mpiga besi, wa mwisho wa orkestra aliyebaki Kamina, wakakaa kilio siku tatu juu ya mkeka. Siku ya tatu wazee wawili wakauimba wimbo, bila gitaa, na kwenye nafasi yake wakapiga yote matatu. Mama alikata kitambaa cheusi kutoka kwenye sketi yake ya zamani, akashona kipande kwenye kila shati la Papa, mashati matatu, upande wa moyo. Kwa ndugu wa tumbo moja tusingefanya zaidi.

Na Papa akapona. Sina neno lingine. Alirudi kwenye kwaya. Alikula. Alimtania mchungaji. Vita ilikuwa nje na yeye alikuwa ananyoa ndevu akiimba. Uongo wangu ulikuwa unamnenepesha Papa, na mimi niliutazama ukimnenepesha kwa furaha na woga, siku kwa siku, karibu mwaka mzima.

Mpaka nilipokutana na mama mmoja sokoni. Alikuwa mke wa askari, amemfuata bwana wake Base baada ya safari ya wiki nyingi kutoka Kasai, na alikuwa anauza karanga. Nilichagua karanga nikiimba wimbo kwa pua. Nilipofika mahali pa kimya yeye akagonga beseni lake kwa kiganja. Mara moja.

"Mama, umesahau mawili," nikamwambia, nikicheka.

"Mawili gani?"

"Ya makofi. Ni matatu."

"Eh, weye mutoto! Ku Mwene-Ditu ni moja. Kuna muzee wa reli anafundisha batoto ba parokia gitare. Anapiga na mukono wa kushoto. Ukiongeza kofi, anakugonga kichwa."

"Na mengine?"

"Bakimuuliza, anasema yalibaki Kamina." Akanipimia karanga. "Muzee wa maneno mingi. Unachukua ao unatazama?"

Niliziacha karanga.

Nilichelewa siku nne kumwambia Papa. Kusema kwamba kolege ni mzima kulikuwa kusema pia mikono ilikuwa ya nani. Lakini kwetu wanasema kumvalia kilio mtu aliye hai ni kumvuta kaburini, na kila asubuhi nilimwona Papa anafunga vifungo juu ya kitambaa kile cheusi. Siku ya tano, Ijumaa mchana, alikuwa anapaka viatu rangi mlangoni. Nikaketi karibu naye.

"Papa, kolege iko muzima."

Brashi ikaendelea kidogo. "Nani alikuambia?"

Nikamwambia yote: yule mama, mkono wa kushoto, watoto wa parokia, kofi.

"Moja?"

"Moja tu, Papa."

Akaweka brashi chini. Alitazama ua, kisha akanitazama mimi, muda mrefu.

"Na ile siku?"

"Ni minyi, mikono yangu. Nilikuwa mu matembele."

Nilingoja anipige. Ningependa anipige.

"Ulisikia yenye nilisema?"

"Yote."

"Kumbe weye njo ulinisamehe." Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Mufu alinisamehe, mutoto yangu. Muzima hajanisamehe. Muzima iko kule anafundisha batoto kofi moja."

Mimi, na upumbavu wangu wa furaha, nilidhani habari ya mtu aliye hai ni habari njema tu. Nikamwambia treni zitarudi, atamwandikia barua.

"Nitamwandika nini? Kama nilikuwa mu nyumba? Anajua. Aliona moshi ya mbabula."

Akachukua kiatu cha pili, akakipaka rangi mpaka mwisho, kwa makini.

Kesho yake, Jumamosi, alikwenda na Mama kwenye mazoezi ya kwaya. Alivaa fulana ya pamba. Kama aliimba au alikaa tu, sikuuliza. Mashati yake matatu yalikuwa yamefuliwa, yananing'inia kwenye kamba. Niliyashusha, nikaketi kwenye kizingiti, nikachukua wembe wa Papa. Mama hushona kwa mshono mdogo sana, na kitambaa cha shati kilikuwa kimechoka, ukivuta kinachanika. Nikakata uzi mmoja mmoja. Chini ya kila kipande cheusi shati lilikuwa bado la buluu, buluu ya zamani, ya siku lilipotoka dukani. Kwenye shati la tatu vilibaki vijiuzi ambavyo wembe haukuweza kuvishika. Nikaving'oa kwa meno.